Waleti ya karatasi ikiharibika msiitupe, na msimpe mtu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naomba nafasi nijibu ile makala yenu ya juma lililopita ya kripto, yaani hizi sarafu za kidijitali kama bitcoin, ile iliyosema kwamba mtu aliyeweka bitcoin zake kwenye waleti ya karatasi, yaani karatasi iliyoandikwa ufunguo wa kutolea hizo pesa, karatasi ikilowa au ikiungua au ikaliwa na mchwa basi imekula kwake, asahau. Mwandishi kaandika vizuri sehemu nyingi ila hapo kapotosha watu, tena kwenye jambo kubwa, manake kuna mtu atasoma ile makala asubuhi na ikifika jioni ameshaitupa karatasi yenye pesa ya kumalizia nyumba.

Mimi niko Tanga, nina stashonari ndogo, naprinti, natoa kopi, nalamineti vyeti vya watu na kutengeneza kompyuta, na kwa vile watu wanajua nafuatilia haya mambo ya kripto miaka mingi ndo wananiletea makaratasi yao yakiharibika. Ninayosema hapa nimeyaona kwa macho na nimeyashika.

Kwa wale ambao hawajui kabisa, bitcoin yenyewe haimo kwenye karatasi. Iko kwenye daftari la wazi ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na karatasi imebeba vitu viwili tu: anwani, ambayo ni ya kupokelea na kila mtu anaruhusiwa kuiona, na ufunguo wa siri, ambao ndo unaoruhusu pesa itoke. Ufunguo huo ni namba, kubwa mno, ya biti 256, ikaandikwa kwa herufi na tarakimu ili binadamu aweze kuinakili, na mara nyingi inachapwa pia kama mraba wa QR wa kuskani. Kwa hiyo karatasi inaweza kuchanika vipande saba na pesa ikawa salama kabisa, na inaweza kuwa nzima inang'aa na pesa ikawa imeshaondoka mwaka jana kwa sababu kuna mtu aliipiga picha. Swali la kuuliza ni moja tu, herufi ngapi bado zinasomeka. Noti ikichanika unaipeleka benki wanaangalia imebaki kiasi gani ndo wanakubadilishia, huku hakuna benki, kuna hesabu, na hiyo hesabu mara nyingi ina huruma kuliko watu wanavyodhani.

Sasa niingie kwenye hesabu yenyewe kwa sababu ndo makala yenu haikuigusa. Ufunguo wa bitcoin wa mtindo wa zamani unaanza na 5, una herufi 51, na inayofuata baada ya hiyo 5 lazima iwe H au J au K. Ule wa mtindo uliokuja baadaye unaanza na K au L na una herufi 52. Kwa hiyo hata kabla ya kusoma chochote unaweza kuhesabu nafasi na kujua umepungukiwa ngapi. Halafu aliyebuni uandishi huu aliondoa makusudi alama nne zinazodanganya macho: sifuri, O kubwa, I kubwa na l ndogo, zikabaki 58. Ukiona duara kwenye karatasi iliyofifia usihangaike kujiuliza ni sifuri au O, hazimo zote mbili, hiyo ni o ndogo au ni D au Q iliyofutika upande. Ukiona kijiti basi ni 1, au ni i ndogo au j iliyopoteza nukta yake. Mtu asiyejua hili anaweza kukaa wiki nzima anajaribu herufi ambazo hazipo.

Herufi moja ikipotea, kuna mambo 58 ya kujaribu. Mbili, 3,364. Tatu, 195,112. Nne zinafika 11,316,496, na hiyo namba inatisha kwa binadamu ila kwa kompyuta ya kawaida ya ofisini ni kazi ya muda mfupi tu, wala huhitaji mashine ya ajabu. Tano ni 656,356,768, hapo unaiacha ifanye kazi unaenda zako kulala. Na ukiuliza tutajuaje kati ya mamilioni yote hayo ipi ndo yenyewe, jibu liko ndani ya ufunguo wenyewe, kwamba mwishoni mwake kuna baiti 4 za kujikagua, zinazotokana na kila kilichotangulia mbele yake. Ukibadili herufi moja tu hesabu inakataa. Uwezekano wa ufunguo wa makosa kupita ukaguzi huo ni mmoja kati ya bilioni 4 na ushee, kwa hiyo ukipata unaopita, karibu hakika ndo wenyewe, na ukiulinganisha na anwani iliyochapwa upande wa pili wa karatasi wasiwasi wote unaisha.

Na kuna jambo zuri zaidi ambalo watu wengi hata wa kripto hawalijui. Kama herufi zilizoharibika ni zile za mwisho kabisa, tuseme tano za mwishoni, hizo hazihitaji hata kukisiwa. Kile kipande cha mwisho ni cha kujikagua, na chenyewe kinatokana na cha mbele, kwa hiyo ukiwa na cha mbele unakikokotoa upya na ufunguo unakamilika palepale. Karatasi iliyoliwa na panya pembeni upande wa kulia, mwenyewe analia, kumbe kilicholiwa ndo kile ambacho kinaweza kutengenezwa tena.

Nieleze kisa kimoja ili watu waone jinsi inavyokwenda. Kuna kijana anafanya kazi Maskati, alinunua bitcoin huko zamani wakati bei bado iko chini, akaprinti karatasi, akamletea mama yake huku Tanga akamwambia mama weka hii sandukuni usimpe mtu. Mama kaiweka chini ya vitenge. Masika yakaja, bati likavuja juu ya sanduku, na mama hakujua mpaka alipofungua siku kijana yuko likizo. Wakaja wote wawili dukani, mama ameishika kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, imelowa, na yale mapambo ya rangi ya bluu yaliyochapwa pembeni yameyeyuka yakatambaa juu ya herufi zote. Mama ananiambia, "Baba, mimi sikumpa mtu kama alivyoniusia, ila maji sikuweza kuyazuia." Kijana kanyamaza tu.

Cha kwanza nilichowaambia ni kwamba tusiifungue. Karatasi iliyolowa ikikunjuliwa kwa nguvu inachanika palepale kwenye mikunjo, na inki inayoganda upande mmoja inahamia upande mwingine. Watu wakipata karatasi iliyolowa wanakimbilia mambo matatu, kuanika juani, kupiga pasi, au kupulizia drayer ya saluni, na yote matatu yanaharibu, jua linapausha inki na joto linaikunja karatasi na kuipasua. Iache kwenye kitambaa cheupe cha pamba, juu yake kitambaa kingine, kitabu chepesi juu, badilisha vitambaa vikishalowa. Kama ni makaratasi mengi yameshikana na huna muda wa kuyashughulikia leo, yafunge kwenye mfuko uyaweke friza, ndo wanavyofanya watu wa makumbusho na nyaraka mafuriko yakiwaingilia, baridi inasimamisha ukungu na inki haiendelei kutambaa. Kama kuna tope usifute kwa kidole, liache likauke ulipeperushe kwa brashi laini.

Ilipokauka ikafunguka yenyewe. Tukaweka kwenye skana ya bapa, ile ya kufunika juu, nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, wala si nyeusi na nyeupe kama tunavyozoea kutoa kopi. Hapa ndo kuna ufundi ambao nautamani kila mwenye stashonari aujue. Picha ya rangi kwenye kompyuta imetengenezwa kwa tabaka tatu, nyekundu, kijani na bluu, na programu ya bure kama GIMP inakuruhusu kuangalia tabaka moja moja. Doa la bluu ukiliangalia kwenye tabaka la bluu linakuwa jeupe, linapotea, wakati herufi nyeusi zinabaki nyeusi. Yaani karatasi ambayo kwa macho ilikuwa bahari ya bluu, ghafla zikatokea herufi zimejipanga. Mama alisogea mpaka pua karibu iguse kioo cha kompyuta. Zilibaki nne hazisomeki kabisa, palepale kwenye mkunjo, na mbili za mashaka, moja ilikuwa 8 au B, nyingine ilikuwa c ndogo au e. Piga hesabu mwenyewe, milioni 11 na ushee mara mbili mara mbili, milioni 45. Kwa programu fupi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambayo kijana aliyesoma kidogo anaiandika, hiyo ni kazi ya jioni moja.

Na angalieni tulivyofanya, kwa sababu hili ndo nataka lichapwe hata kama mengine yote mtayakata. Ile kompyuta nilichomoa waya wa intaneti na kuzima waifai kabla karatasi haijaguswa, picha za mfano nilimwonyesha yule kijana kwenye karatasi yangu ya majaribio isiyo na pesa, ilipofika ya kwake nikamwachia yeye kiti, mimi nikakaa upande wa pili wa meza nimeangalia mgongo wa kompyuta, nikawa namwelekeza kwa mdomo tu, akanisomea umbo la zile za mashaka bila kunitajia zipo nafasi ya ngapi. Alipomaliza diski ikafutwa mbele yake. Kilichokuwemo sikuuliza na wala sikuambiwa. Fundi anayekwambia niachie karatasi uje kesho, ondoka na karatasi yako, hata kama ni mtu wa msikiti mmoja na wewe.

Tuje kwenye QR. Watu wakiona simu inakataa kuskani wanasema imekufa. Huu mraba ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya vipuri vya magari, na viwandani kuna mafuta na uchafu, kwa hiyo waliutengeneza uvumilie kuharibika. Kutegemea ulivyochapwa, unaweza kupoteza asilimia 7, au 15, au 25, mpaka 30 ya maandishi yake na bado ukasomeka. Ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye pembe haibebi siri yoyote, kazi yake ni kuiambia kamera upande wa juu ni upi. Sasa ikichanika pembe moja simu haioni kitu kabisa, mtu anakata tamaa, kumbe siri yote ipo katikati haijaguswa. Unachofanya unatoa kopi, unachora ile pembe upya kwa kalamu na rula kwenye hiyo kopi, unaskani, inasoma. Kwenye kopi lakini, kamwe usichore kwenye karatasi yenyewe.

Anayebisha kwamba mraba ulioharibika unaweza kurudishwa akumbuke ya Ufaransa mwaka 2017. Roger Ver, mtu maarufu sana kwenye mambo ya bitcoin, alikwenda kwenye televisheni ya Ufaransa na QR ya ufunguo wenye Bitcoin Cash, sarafu iliyojitenga na bitcoin, ya dola 1000, iwe zawadi kwa mtazamaji wa kwanza kuiskani. Televisheni ikaifunika kwa ukungu isionekane. Vijana wawili wa Kifaransa wakachukua vipande vilivyobahatika kuonekana, wakatumia ule uwezo wa QR wa kujisahihisha pamoja na sheria za uandishi wa ufunguo, sehemu zilizobaki wakaiachia kompyuta ijaribu, wakaupata ufunguo na pesa wakachukua. Karatasi hata hawakuwahi kuishika. Sasa wewe unayo mkononi, unaweza kuigeuza, kuimulika kwa tochi kutoka pembeni, kuishika dhidi ya dirisha, unakata tamaa ya nini?

Ila kisa hicho kina upande wa pili na naomba usomwe vizuri. Kama wao waliweza kutoka kwenye picha yenye ukungu, basi na mwizi anaweza kutoka kwenye picha yako uliyotuma kwenye grupu la WhatsApp ukauliza "jamani hii inaweza kupona?" ukaweka kidole juu ya nusu ya herufi ukadhani umeficha. Desemba 2013 mtangazaji wa Bloomberg huko Marekani, Matt Miller, aliwapa wenzake zawadi ya karatasi za bitcoin hewani, za dola 20 kila moja, mmoja akaifungua mbele ya kamera kwa sekunde chache tu, mtazamaji akaskani kutoka kwenye televisheni nyumbani kwake pesa ikaondoka. Sekunde chache.

Na hapa kwetu tunavyoishi ni hatari zaidi, nasema kama mwenye stashonari. Mtu akitaka kuprinti anatuma faili kwa WhatsApp kwenye namba ya duka, faili linabaki kwenye simu ya duka, linabaki kwenye kompyuta ya duka, na zile mashine kubwa za kopi nyingi zina diski ndani inayoweza kubaki na kila kilichopita. Simu yako yenyewe ukipiga picha inaipandisha kwenye akaunti yako ya mtandaoni bila kukuuliza. Kama lazima upige picha karatasi ingali imelowa, na mara nyingi ni lazima kwa sababu inki inaendelea kutambaa, tumia simu ya zamani isiyo na laini wala akaunti, au kamera ya kawaida.

Kwa haya haya, Mhariri, naomba uangalie ukurasa wenu wa matangazo madogo. Kuna tangazo linarudi kila wiki la mtu anayejiita mtaalam wa kurudisha kripto iliyopotea, ametoa namba ya WhatsApp, na ukimpigia anataka mambo mawili, ada kwanza na picha ya karatasi. Mtaalam wa kweli hahitaji picha ya ufunguo wako wote na wala halipwi kabla hujaona chochote. Kuna watu waliokuwa na karatasi ambayo ingepona kwa hesabu ndogo kama ile niliyoeleza, wakatuma picha, wakalipa ada, halafu wakaambiwa pole imeshindikana, na wakiangalia anwani kwenye daftari la wazi wanakuta pesa imehama usiku uleule. Hii biashara iko dunia nzima, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo mwaka 2023 kuhusu makampuni yanayodai yanarudisha kripto kumbe ni wizi wa pili juu ya wizi wa kwanza. Sisemi mwenye tangazo hilo ni mwizi, simjui, nasema tangazo linalomwambia mtu tuma picha ya ufunguo halifai kuchapwa na gazeti linaloheshimu wasomaji wake, na naomba liondolewe.

Wengine wanawaendea hawa watu kwa siri kwa sababu wanaogopa kuuliza hadharani. Benki Kuu yetu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini, na tangu hapo mtu akiibiwa anaona akienda polisi atageuziwa kesi. Lakini hali imesogea, Rais Samia mwenyewe Juni 2021 aliitaka Benki Kuu ijiandae na haya mambo, na Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kitu kinachotozwa kodi ni mali, na mwenye mali ana haki ya kupata maelezo ya kueleweka kwa lugha yake kutoka kwenye gazeti lake.

Kuna wale ambao karatasi yao haina herufi 51 ila ina maneno, 12 au 24, ya Kiingereza kwa kawaida, ambayo ndo yanayozaa ufunguo. Hao ndo wengi siku hizi na kwao habari ni nzuri zaidi. Maneno yote yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2048 iliyo wazi kwa kila mtu, na orodha imepangwa ili herufi 4 za mwanzo za neno zisifanane na za neno lingine lolote. Daftari likiungua ukingo wa kulia, mikia ya maneno imekwenda na moto ila vichwa vimebaki, umepona, kila neno unaligundua kwa herufi zake nne. Neno zima likipotea na unajua lilikuwa la ngapi, una 2048 tu za kujaribu. Mawili, milioni 4 na kidogo. Na kama maneno yote unayo ila karatasi ilikatika vipande ukapoteza mpangilio, kwa maneno 12 kuna mipangilio 479,001,600, nayo inafanyika. Kuna programu ya wazi ya bure inaitwa btcrecover inayofanya kazi hii, ila iendeshe kwenye kompyuta isiyo na intaneti kama nilivyosema.

Sitaki kudanganya mtu kwamba kila kitu kinapona. Herufi 10 zikipotea katikati ya ufunguo idadi ya kujaribu ina tarakimu 18, hapo kwa kompyuta za kawaida tuseme ukweli hamna kitu. Ufunguo unaoanza na 6P, wa herufi 58, umefungwa kwa neno la siri, na hata uwe mzima wote, bila neno lile ni kazi ngumu sana kwa sababu ulitengenezwa makusudi kila jaribio lichukue muda. Wenye Ethereum, ambayo ni kripto nyingine, ufunguo wao ni herufi 64 na hauna ile sehemu ya kujikagua, kwa hiyo bila kuwa na anwani ya kulinganisha hutajua umepata au hujapata. Kwa hiyo anwani nayo itunze, na kabla ya kuhangaika na chochote angalia kwanza kwenye daftari la wazi hiyo anwani ina kitu, kuangalia hakuna hatari yoyote na kunaweza kukuokolea mwezi mzima wa kazi.

Mawili ya haraka kuhusu karatasi zenyewe. Ile ya risiti, inayochapwa kwa joto bila inki, kuna watu waliitumia kuprinti ufunguo, ikififia usiilamineti hata kidogo, joto la mashine linaigeuza nyeusi yote kwa mara moja na hapo hairudi tena, iskani kama ilivyo uongeze utofauti wa rangi kwenye kompyuta. Na iliyochapwa kwa printa ya leza ikakaa miaka kwenye mfuko wa plastiki, wino wake wa unga unaweza kuhama ukashika kwenye plastiki. Unavuta karatasi unaikuta nyeupe, unaurusha mfuko kwenye pipa. Huo mfuko ndo karatasi yako sasa! Uinue kwenye mwanga utaona herufi zimelala kinyumenyume, zipige picha kwa ile kamera isiyo na mtandao ugeuze.

Ukishaupata ufunguo hamisha kila kitu kwa mkupuo kwenda waleti mpya, usitoe kidogo ukaacha kingine, kwa sababu baadhi ya programu zinapeleka chenji kwenye anwani tofauti kabisa na ya karatasi, mtu anadhani imebaki palepale kumbe iko kwingine. Na kama bitcoin zilikuwepo kwenye karatasi kabla ya tarehe 1 Agosti 2017, siku ambayo Bitcoin Cash ilijitenga, basi ufunguo uleule unafungua na Bitcoin Cash ya kiasi kilekile. Toa bitcoin kwanza, halafu ukiwa umetulia ukachukue na hiyo. Watu wanachana karatasi kabla hawajafika hapo.

La mwisho ni la familia. Vijana walionunua miaka ile wengine wametangulia mbele ya haki, na kwetu baada ya msiba nguo zinagawiwa, madaftari yanachomwa, makaratasi yanafungiwa maandazi. Kabla ya kuchoma pekua. Karatasi yenye mstari wa herufi zisizo na maana unaoanza na 5, K, L au 6P, karatasi yenye miraba miwili ya QR, ukurasa wa daftari wenye maneno 12 au 24 ya Kiingereza yasiyounda sentensi, hata kama imelowa, imeungua nusu, imeliwa, iwekwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe mbele ya warithi na msimamizi wa mirathi, na asiipige picha mtu yeyote mpaka mwenye kuelewa apatikane na akae nao meza moja.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwenye stashonari, Tanga